Ndoo Mbili

Jumamosi, 5 Julai

Niliamka saa kumi na mbili. Baridi. Ukungu umefunika mtaa wote wa Mountain View. Chai, mkate vipande viwili. Nilifagia chumba cha Baba ingawa hakuna anayelala humo. Nimekifagia kila Jumamosi tangu Mei.

Saa tatu nilikuwa Adams Arcade, katika ukumbi tunaoazimwa nyuma ya maduka. Mazoezi ya tano. Nilihesabu vifaa: vyungu saba, kigoda kimoja, mbuzi mbili za kukunia nazi, mizani ya shaba, chetezo cha udi, mikeka minne, kitanda cha kamba. Vyote vipo.

Tunaigiza siku moja katika mji wa mawe wa pwani, miaka mia sita iliyopita. Hakuna jukwaa. Watazamaji watapita katikati yetu watuone tukiishi: soko, kadhi, waashi na chokaa yao, nyumba ya bibi mwenye mji. Maonyesho ni tarehe 30 Agosti, katika bustani moja katikati ya jiji.

Kiongozi ni Mwalimu Ndegwa, mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa Dagoretti. Alinikuta dukani Biashara Street, ninakotunza stoo ya vitambaa. Alitaka pamba isiyotiwa rangi. Nikampa marikani. Akaipapasa, akairudisha. Alisema jina lenyewe linaitoa mjini. Wakati ule huku hakuna aliyejua kuna Marekani. Nikamtafutia nyingine. Akaona jina langu kwenye risiti, akauliza kama mimi ni mtu wa visiwani. Nikasema Baba ndiye, na kwamba ana wiki tatu tangu afariki. Akanipa pole, akaniomba nitunze vifaa. Nilikubali kwa sababu Jumamosi zangu zilikuwa tupu.

Sheria ni moja. Kisichokuwapo wakati ule hakiingii mjini. Plastiki, zipu, saa, mahindi, nyanya, muhogo, pilipili. Githinji anauza mapazia papo hapo Adams, na kwenye igizo ndiye mwana wa nyumba. Habari ya mahindi ilimgusa.

"Sasa hawa watu walikuwa wanashiba na nini?"

Mtama na mchele, Mwalimu akasema. Nazi. Samaki.

"Na hiyo yote bila pilipili. Pole yao."

Watu walicheka. Mimi niliandika pilipili kwenye orodha.

Jumapili, 6 Julai

Dada yangu Mariamu alikuja mchana na jirani zake wawili ambao hawakuwa wametoa pole. Akawasimulia tena. Kwamba Baba alikuwa msafi hadi pumzi ya mwisho. Kwamba neno lake la mwisho lilikuwa ndoo. Mtu anakata roho na bado hataki kuchafua shuka.

Jirani mmoja alicheka huku akifuta macho. "Ai, huyo mzee. Wa hivyo walishaisha."

Mimi ndiye niliyempa Mariamu habari hiyo. Yeye hakuwapo, alifika saa moja baadaye. Baba alisema ndoo. Nilikwenda bafuni kuileta. Niliporudi alikuwa amekwisha. Nimeieleza hivyo hivyo kwa imamu, kwa shangazi, kwa watu wa dukani. Mariamu ndiye aliyeigeuza hadithi nzuri. Kitu kimoja tu huniuliza kila mara: kwa nini alikuta ndoo mbili kando ya kitanda. Humjibu kwamba sikumbuki.

Siku hamsini na sita. Sijalia.

Jumamosi, 12 Julai

Somo la lugha. Mwalimu Ndegwa hataki watu wa mji ule waongee kama watangazaji wa redio. Anasema hakuna anayejua hasa walivyosema, lakini wazee wa Lamu bado wanabeba sehemu yake kinywani. Kwa hiyo amemleta Bi Zuhura, mzaliwa wa huko, mwenye kibanda cha kusuka nywele na kupaka hina pale Kenyatta Market. Katika igizo ndiye bibi mwenye mji.

Alikuja amejifunga leso. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba leso zilikuja baadaye sana.

"Leso yangu imekukosea nini?" Akaivua, akaikunja mara nne, akanipa mimi niitunze. "Mji wenu huu una baridi, Mwalimu."

Aliandika ubaoni. Njia ni ndia. Njaa ni ndaa. Nje ni nde. Moja ni moya. Maji ni mai. Githinji akasema kwa Kikuyu mai ni karibu vilevile, ila ukikosea kidogo kuivuta unaitisha kitu cha chooni. Mwalimu akamwambia anyamaze. Yeye mwenyewe alikuwa ameuma midomo.

Nilinakili yote. Nilipoandika ndia nilikumbuka. Baba alifika Nairobi kutoka Lamu akiwa na miaka kumi na tisa, akawa muuzaji katika duka la mtu River Road. Alikuwa akisema ndia. Wenzake wakamwita Bwana Ndia. Akaiacha. Mama alikuwa mtu wa Wangige aliyesilimu, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili cha hapa. Cha kwao alikitumia kwa simu tu, na ndugu yake, ami Athmani, mlango umefungwa. Ami alifariki miaka minane iliyopita. Baada ya hapo hakuwa na mtu.

Sikuwahi kulifikiria hilo. Nimelifikiria leo kwa muda wa chai moja, nikaosha kikombe.

Jumatano, 16 Julai

Kazi. Shehena ya poplini. Mvua nyepesi mchana. Bosi aliuliza kama nimepumzika tangu msiba. Nikasema ndiyo. Si kweli wala si uongo.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tano kasoro robo tulianza tukio la nyumba. Bi Zuhura amekaa juu ya kitanda cha kamba. Mwanawe anatakiwa kutoka kwa waashi, kuvuka ua, kuja kukaa kando yake. Githinji alikuwa nje akiongea na mteja kwa simu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ukuta na daftari langu.

Bi Zuhura akaita. "Ndoo."

Nikadhani Mwalimu ameongeza kifaa. Nilikagua orodha. Hakikuwapo.

Akaita tena, akinitazama mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa upande ule. "Ndoo. Ndoo hapa." Akapunga mkono, kiganja kikiangalia chini.

Nikaenda jikoni mwa ukumbi. Kulikuwa na moja chini ya sinki, ya plastiki, ya bluu. Niliileta nikaiweka mbele yake.

Ukumbi mzima ulicheka. Mwashi mmoja alilazimika kuketi. Ndoo ya plastiki katika mji wa miaka mia sita iliyopita, na aliyeileta ni yule anayekataza watu hata vifungo. Githinji aliingia akauliza kumetokea nini, na alipoambiwa akanipigia saluti.

Bi Zuhura naye alicheka, lakini si kwa ubaya. "Bwana Stoo, nimekwita we. Sikutaka mai."

Kisha akatueleza. Ndoo ni njoo. Ni kama ndia na ndaa, nj inakuwa nd. Kwao hawachanganyi. Ya kuita, ulimi unagusa meno. Ya kutekea maji, ulimi unarudi nyuma kidogo. Akazisema zote mbili, polepole, mara tatu. Watu wakajaribu. Ukumbi ukajaa ndoo.

Nilirudisha ile ya bluu chini ya sinki. Nikaenda chooni nikafunga mlango, nikakaa hadi mtu akabisha.

Jumapili, 20 Julai

Ndoo. Ndoo.

Nimezisema mbele ya kioo. Ya kwanza ulimi kwenye meno. Ya pili nyuma.

Sikumbuki yake ilikuwa ipi. Siku ile hakuwa amevaa meno ya bandia. Yalikuwa ndani ya glasi, dirishani. Ulimi wake haukuwa na meno ya kugusa.

Huenda aliitaka ndoo kweli. Alikuwa ametapika siku mbili.

Jumatatu, 21 Julai

Sikwenda kazini. Mara ya kwanza tangu mazishi. Nilitoa daftari la kabla ya hili na kusoma ya Mei. Ninanakili hapa ili yawe mahali pamoja.

Tarehe 10: "Baba ametapika mara mbili. Nimeweka ndoo nyekundu kando ya kitanda, kushoto, mkono wake unaifikia. Nimemwonyesha. Ametikisa kichwa kwamba ameelewa."

Tarehe 11: "Saa nne na robo asubuhi Baba alisema ndoo. Mara tatu. Ya tatu nilikuwa mlangoni. Alikuwa akipunga mkono, nikadhani ananihimiza. Nyekundu sikuiona bafuni. Nikachukua ya bluu, ya kufulia. Ilikuwa na nguo, nikazitoa kwanza. Niliporudi amekwisha."

Ndoo nyekundu haikuwa bafuni kwa sababu ilikuwa kando ya kitanda, mkono wake ukiifikia. Ndiyo maana Mariamu alikuta mbili.

Hakuitaka ndoo. Alikuwa nayo.

Kutoka kitandani hadi bafuni ni hatua kumi na moja. Nimepima. Hatua kumi na moja, kutoa nguo, hatua kumi na moja. Aliniita mara tatu na nikaenda upande mwingine. Hakuna aliyemshika mkono. Hakuna aliyemtamkisha shahada. Alinyanyua mkono, na alichokiona ni mgongo wangu.

Nilipika wali. Niliula.

Jumamosi, 2 Agosti

Mwalimu Ndegwa atachapisha karatasi ya kugawia watazamaji, na upande wa nyuma iwe orodha ya maneno. Amenipa kazi hiyo kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na sikosei. Nilianza saa nane nyumbani. Chetezo. Kuya. Mai. Moya. Ndaa. Nde. Ndia.

Baada ya ndia linafuata ndoo.

Mariamu atakuja tarehe 30. Ameshaniambia atakuja na wenzake wa kazini. Atasoma karatasi kuanzia juu hadi chini, ndivyo alivyo. Yeye ndiye aliyeisimulia habari ya ndoo kwa watu pengine mia. Ndiyo aliyobaki nayo. Hakuwapo, kwa hiyo alichopata ni neno moja, na neno nililompa lilikuwa kosa langu.

Nililiruka. Nikaandika nyumba, ingawa nyumba kila mtu anaijua, ili hesabu ya maneno ifike ishirini.

Nimekuwa mtunza stoo miaka kumi na tisa. Sijawahi kuruka kitu kwenye orodha.

Jumapili, 10 Agosti

Chakula kwa Mariamu, South B. Mgeni ni binamu wa mumewe kutoka Nakuru. Mariamu akasimulia. Sasa ameongeza kwamba Baba alitabasamu. Mimi sikumwambia kwamba alitabasamu.

Binamu akanigeukia. "Na wewe ndiye ulimletea? Ubarikiwe."

Nikasema amina. Samaki alikuwa mtamu, nadhani.

Hii ni mara ya pili anasimulia mbele yangu tangu nijue. Ya kwanza ilikuwa tarehe 27 Julai, kwa simu ya shangazi, imewekwa spika.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilitoka kazini mapema, nikashuka Kenyatta Market kumpelekea Bi Zuhura nguo ya kupima. Kibanda chake kiko nyuma ya wachoma nyama. Moshi unaingia mpaka kwenye nywele za wateja. Alikuwa akimsuka mwanamke mmoja, karatasi yetu imebandikwa kando ya kioo. Mwalimu ameshaigawa.

Aliongea bila kuacha kusuka. "Bwana Stoo, umenipa maneno ishirini. Neno langu liko wapi?"

Nikasema nafasi haikutosha.

"Ila ya nyumba ilitosha. Wakenya hawajui nyumba?"

Mteja akacheka. Nikasimama pale na nguo mkononi. Kisha nikamwomba kitu ambacho nilikuwa nimekipanga tangu wiki iliyopita. Siku ya maonyesho aseme njoo, kama kila mtu, ili watazamaji wasichanganyikiwe.

Aliacha kusuka. Alinitazama kwenye kioo, si usoni.

"Mimi hapa nasema njoo kutwa. Njoo ukae, njoo ulipe, njoo kesho. Miaka ishirini na sita. Hiyo siku moya niache niite mtu kwa ulimi wangu." Akashika tena nywele. "Na ukiitwa wanijibu naya, yaani naja. Mwambie na Githinji wako, yeye hujibu niaje."

Sikumweleza. Hakuniuliza. Nguo ilimkaa vizuri, ilipungua inchi moja begani.

Jumatano, 27 Agosti

Githinji hatakuwapo. Ruracio ya mpwa wake, sherehe ya mahari, imesogezwa hadi Jumamosi hiyo hiyo, na yeye ndiye msemaji wa ukoo upande wa bibi harusi. Alipiga simu mwenyewe. "Boss, nisamehe. Nikikosa hiyo siku, mbuzi watahesabiwa na watu hawajui mbuzi."

Mwalimu Ndegwa naye akapiga baada ya dakika kumi. Nimehudhuria mazoezi yote. Najua hatua zote. Neno ni moja tu. Naya.

Nilisema mimi ni mtunza vifaa.

Akasema vifaa siku hiyo vitakuwa vimeshawekwa.

Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Nimekaa nikijaribu kujua na sijui.

Ijumaa, 29 Agosti

Nilimpigia Mariamu mara moja, saa saba mchana. Nilitaka kumwambia kabla. Aliuliza kama kuna kivuli huko bustanini au abebe mwavuli. Nikasema kuna kivuli.

Jumamosi, 30 Agosti

Saa moja nilikuwa mjini. Tulisimamisha kuta za mabua na turubai lililopakwa rangi ya chokaa. Nilihakiki vifaa mara mbili. Simu, saa na viatu vya kila mtu viliingia sandukuni, nikafunga. Waashi walikuwa na mawe matatu ya matumbawe ya kweli, ambayo Mwalimu aliyaazima. Mengine ni mbao. Kulikuwa na jua dogo.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Wafanyakazi wa ofisini, akina mama wenye watoto, wazee wawili wenye kofia ambao waligusa kila kitu. Mmoja wao alishika mbuzi ya kukunia nazi, akaniambia ya mama yake ilikuwa na mguu mrefu zaidi. Nikamwandikia Mwalimu hilo kwenye kipande cha karatasi. Nilikuwa bado natunza vifaa.

Mariamu alifika saa tano na wanawake wanne. Alisimama mbele, upande wa kulia wa nyumba. Alikuwa na karatasi.

Saa tano na nusu nilisimama kwa waashi nikiwa nimevaa kikoi cha pamba ile niliyoitafuta mwenyewe. Sikuwa na daftari. Mikono ilinishinda pa kuiweka.

Bi Zuhura alikaa juu ya kitanda cha kamba. Akawasha udi. Akatengeneza mto. Hakuharakisha. Kisha akanyanyua mkono, kiganja kikiangalia chini, vidole vikavuta hewa.

"Ndoo."

Sikuenda. Haikuwa kwenye mazoezi.

Nikamsikia mwanamke mmoja kati ya watazamaji akiuliza, "Anataka ndoo?" Wengine wakacheka kidogo. Nikaona Mariamu akigeuza karatasi, kidole kikishuka kwenye orodha, kikapita kwenye ndia, kikafika nyumba.

Bi Zuhura akaita mara ya pili. Sauti ile ile. Mwalimu Ndegwa alikuwa karibu na watazamaji, akawaeleza kwa sauti ya darasani. "Anamwita mwanawe. Ndoo ni njoo. Kule kwao wanaita hivyo mpaka leo."

Mariamu aliinua uso kutoka kwenye karatasi. Hakumtazama Mwalimu wala Bi Zuhura. Alinitazama mimi.

"Ndoo, mwanangu." Ya tatu.

"Naya," nilisema.

Hatua kumi na saba. Nilizihesabu kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nikakaa kitandani. Akanishika mkono kama igizo linavyotaka, akauweka juu ya goti lake. Kiganja chake kilikuwa na harufu ya hina na mafuta ya nywele. Hatukutakiwa kusema kitu. Tulitakiwa kukaa hadi udi uishe. Niliona moshi. Akafunika magoti yangu na upindo wa nguo yake bila kunitazama.

Nilipoinua macho Mariamu alikuwa hayupo pale mbele.

Nilifungasha vifaa vyote. Chungu kimoja kimevunjika mdomo. Kila mtu alipata viatu vyake. Saa kumi na moja nilimkuta Mariamu ameketi kwenye ukingo wa maua, karibu na lango, peke yake. Wenzake walikuwa wameondoka.

"Alikuwa anakuita."

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Tarehe kumi na tisa Julai. Kwa hakika, tarehe ishirini na moja."

"Na nimesimulia mara ngapi toka hapo, ukiwa umekaa tu unanitazama?"

"Mbele yangu, mbili."

Alisema mimi si mtu, mimi ni leja. Kisha akasema hakumaanisha. Kisha akasema alimaanisha. Akasimama, akapanguza sketi, akaenda kutafuta gari la South B. Karatasi aliiacha pale ukingoni. Niliichukua.

Jumatano, 3 Septemba

Hajapiga. Nimepiga mara mbili.

Kazi. Shehena ya satini. Anga kijivu kutwa nzima. Nilipokuwa napanga marobota nilijikuta nimesimama, nimeshikilia rafu, na uso umelowa. Ilichukua dakika nne hivi. Kisha nikaendelea na robota la tano.

Nimemwandikia Mwalimu Ndegwa orodha sahihi. Ndoo imo, kati ya ndia na nguo. Nyumba nimeitoa.

Jumapili, 7 Septemba

Mariamu alikuja saa nne asubuhi bila kupiga simu. Peke yake. Alileta mahamri kwenye karatasi. Tulikunywa chai. Aliuliza Baba alisemaje hasa, na nilimweleza kama ilivyo kwenye daftari: mara tatu, mkono, ndoo nyekundu mahali pake, ile ya bluu na nguo zake. Meno kwenye glasi. Alisikiliza hadi mwisho.

Kisha akauliza ulimi unakaa wapi. Nikamwonyesha. Akajaribu mara kadhaa juu ya kikombe. Ya kwake inatoka ya maji bado.

Akasema hatasimulia tena ile nyingine. Akaongeza kwamba pengine atasimulia hii, lakini si sasa.

Aliingia chumbani kwa Baba kupanga nguo, kanzu za kupeleka msikitini na za kubaki. Mimi nilikuwa naosha vikombe. Ndoo nyekundu na ya bluu ziko chini ya sinki, moja ndani ya nyingine. Nje jua lilikuwa limetoka.

Akaniita kutoka kule chumbani. Alilitumia lile neno, polepole, akilipima.

Nikazima bomba. Nikaenda, mikono mitupu.